Mume wangu anataka EQS ya umeme kwa ajili ya mgongo wake. Je, tuuze Crown?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 49, naishi Isyesye hapa Mbeya na mume wangu pamoja na mtoto wetu wa mwisho. Kazi yangu ni mchele. Nanunua Kyela, mwingine nauza Mwanjelwa na mwingine unakwenda Tunduma. Mume wangu alikuwa mwalimu, amestaafu mapema kwa sababu ya mgongo. Pingili za chini zimebana mshipa wa fahamu, na akikaa kwenye gari muda mrefu mguu wa kushoto unakufa ganzi mpaka tusimame ashuke atembee. Kila baada ya miezi michache ana kliniki Dar es Salaam. Mpaka leo tunakwenda na Crown yetu, mimi nikiwa kwenye usukani.

Mwaka jana alikwenda Uingereza kumwona kijana wetu wa kwanza. Huko alipokelewa uwanja wa ndege na Mercedes EQS, ile sedani kubwa ya umeme, ya rafiki wa kijana. Tangu arudi haongei kingine. Anasema walikaa barabarani karibu saa mbili, na aliposhuka hakutafuta pa kujiegemeza. Kiti kilikuwa kinamkanda kiunoni, na ndani kimya mpaka waliongea kwa kunong'ona.

Sasa kijana amepata moja iliyotumika, EQS 450+ ya mwaka 2022, usukani kulia kama huku kwetu. Anasema nusu ya bei atalipa yeye. Nusu inayobaki hatuna, labda tuuze Crown na kiwanja chetu cha Uyole. Kila siku anatutumia video: kioo kimoja kirefu cha skrini kutoka mlango hadi mlango, taa za ndani zinazobadilika rangi, spika zisizohesabika, mlango unaotoa kitasa chenyewe ukisogea. Anasema betri ikijaa inakwenda zaidi ya kilomita 700, kwa hiyo Dar ni kuchaji mara moja tu njiani, hata kwenye nyumba ya wageni.

Mimi nina hofu zangu. Kutoka lami hadi getini kwetu ni njia ya vumbi yenye mawe, na masika inageuka tope. Umeme wetu ni wa LUKU kama wa kila mtu, na mvua kubwa ikinyesha hukatika. Fundi wangu wa Mafiati nilimwonyesha picha akaniambia, "Mama, hili mimi sitaligusa." Nilipomrudishia mume wangu maneno hayo, akasema mimi sitaki apumzike, nimezoea kumwona akiumia. Shangazi, neno hilo limeniingia. Kama gari hili kweli litampunguzia maumivu, kiwanja nitauza hata kesho. Ninachoogopa ni kubaki bila kiwanja, bila Crown, na gari la kifahari limekaa uani.

Nisaidie. Raha ya gari hili itakuwa raha huku kwetu pia, au ni ya kule kule?

Mama wa Isyesye, Mbeya

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kumuuguza mwenzio huku biashara nayo ikikutazama.

Jibu nalitoa mapema usisome ukiwa na roho juu. Crown msiuze. Kiwanja cha Uyole msikiguse. Na gari hili msilinunue kama ndilo litakalobaki peke yake uani. Lakini usiende kumwambia mumeo kwamba Shangazi kasema anaota. Alichokisikia mgongoni mwake kule ni kitu cha kweli, na tusipokitambua hicho kwanza, hatakusikiliza kwa lingine lolote.

Gari la petroli, hata zuri kama Crown, lina injini inayotetema na gia zinazopanda na kushuka. Kwenye mlima injini inaunguruma, gia inajirudisha, mwili unasukumwa mbele na nyuma kidogo kidogo. Mwenye mgongo mzima hausikii mchezo huo. Aliyebanwa mshipa anausikia wote. Mota ya umeme haina mtetemo huo wala zile gia. EQS ilipotoka mwaka 2021 ilikuwa imebuniwa tangu mwanzo iwe ya umeme, na umbo lake limechongwa kupita kwenye upepo kuliko karibu magari yote ya barabarani, ndiyo maana hata likikimbia ndani hamsikii upepo ukipiga kelele. Chini limekalia mifuko ya hewa badala ya springi za chuma. Kiti kinapashwa joto, kinakanda, kinajaa hewa pale kiuno kinapopinda. Kwa mgonjwa wa mgongo mambo hayo si mapambo. Joto la kiti peke yake, asubuhi ya Julai pale Isyesye, lina thamani kuliko taa zote za rangi.

Ila saa mbili zile alikuwa kwenye lami pana isiyo na tuta wala shimo. Nusu ya raha ile ilikuwa ya gari, nusu ya barabara, na barabara haiji ndani ya kontena.

Wewe unaijua njia yetu. Kuanzia Uyole unakwenda Inyala, Igurusi, Chimala, Igawa, na kila kijiji kina matuta na rasta zake. Gari hili lina urefu wa mita 5.2, na kati ya gurudumu la mbele na la nyuma kuna mita 3.2. Hapo katikati, chini ya sakafu yote, ndipo betri ilipolala. Likipanda tuta, magurudumu ya mbele yanashuka upande wa pili wakati ya nyuma hayajafika, na linalobaki juu ya tuta ni tumbo. Crown nayo iko chini, sikatai. Lakini Crown ikigonga, mara nyingi unagonga bomba la moshi, na bomba la moshi linachomelewa Mwanjelwa siku hiyo hiyo ukaendelea na safari. Hapa kinachogongwa ni kasha la betri, kifaa cha bei kubwa kuliko vyote kwenye gari. Kweli mifuko ya hewa ina kitufe cha kuliinua, lakini linainuka sentimita mbili na nusu tu, tena ukiwa unakwenda polepole.

Kabla hamjaongea tena habari ya bei, fanyeni kipimo kimoja ambacho hakina gharama. Sedani za namna hii chini huwa na nafasi ya sentimita 12 hadi 14. Kata kijiti cha sentimita 13. Kesho asubuhi mtoke wote wawili, mtembee kutoka lami hadi getini, na kwa kila jiwe lililochomoza, na pale njia ilipofanya mgongo katikati ya mapito ya magurudumu, simamisheni kijiti pembeni yake. Kinachokizidi kijiti urefu, betri itakigusa. Mwachie mumeo ndiye ashike kijiti. Mwalimu akipima mwenyewe hahitaji kubishana na mtu.

Matairi nayo yatazame kwenye zile video. Magari mengi ya aina hii yanakuja na rimu za inchi 20 au 21, na mpira uliozizunguka ni mwembamba. Zinapendeza, lakini mpira mwembamba ndio unaopeleka kila kokoto moja kwa moja kwenye kiuno cha aliyekaa. Tena kwa kuwa hakuna kelele ya injini, mlio wa tairi kwenye lami chakavu ndio mtakaousikia. Nyuma hakuna tairi la akiba. Kuna chupa ya gundi na pampu ndogo, ambavyo vinaziba msumari lakini haviponyi tairi lililochanika ubavuni. Lichanike Igawa saa kumi na moja jioni, mume ana ganzi ya mguu, na saizi ya tairi si ile utakayoikuta kila duka. Mimi hilo ndilo lingeninyima usingizi kuliko hata betri.

Kuna jambo la mgongo lenyewe ambalo video haiwezi kulionyesha. Sedani inakaa chini. Mgonjwa wa pingili za kiuno anaumia zaidi pale anapojishusha kuingia na anapojivuta kutoka. Muulize kwa upole: kule Uingereza, alitoka mwenyewe au alishikwa mkono? Na alikaa mbele au nyuma? Nauliza kwa sababu betri ikiwa chini ya sakafu, sakafu inapanda. Kwenye kiti cha nyuma magoti yanakuwa juu, paja halilali vizuri kwenye mto, na uzito wote unashukia kwenye makalio na kiuno. EQS imesifiwa kwa mengi, lakini kiti chake cha nyuma wengi wamekilalamikia kwa hilo. Kama alikaa mbele, basi raha aliyoipata ni ya kiti cha mbele, na huko ndiko angepaswa kukaa siku zote.

Tuje kwenye umeme, maana hapa kijana wako amewapa hesabu ya Ulaya.

Betri ya EQS 450+ inabeba uniti 107.8 za kutumika. Ndiyo, uniti hizi hizi za LUKU. Zile kilomita zaidi ya 700 ni za kipimo cha maabara. Kwenye barabara yenye milima, watu wanne na mizigo, mimi ningehesabu kilomita 500 na nikipata zaidi nashukuru. Tuseme linakula uniti 20 kwa kilomita 100, na kwa kuwa nyingine hupotea wakati wa kuchaji, utanunua kama 22. Shilingi elfu moja ya umeme wa kawaida wa nyumbani haikupi uniti tatu kamili, kwa hiyo kilomita 100 zitakugharimu karibu shilingi 8,000. Crown ikinywa lita 10 kwa umbali huo, na lita moja tuifanye shilingi 3,000 kwa mfano, ni shilingi 30,000. Kwa upande wa mafuta gari la umeme linashinda kwa mbali, na asikudanganye mtu. Kama kwa mwezi unatembea kilomita 1,500, utaokoa kama shilingi 330,000, karibu milioni 4 kwa mwaka. Sasa chukua bei mnayotakiwa kutoa ninyi, igawe kwa milioni 4, uone ni miaka mingapi. Nadhani ukishaona jibu, habari ya kuokoa mafuta mtaiweka pembeni.

Safari zako za kazi gari hili linaziweza. Kyela kwenda na kurudi ni kama kilomita 240. Gari lina uzito wa tani mbili na nusu, na kila mita 1,000 za kupanda linakula uniti 7 hadi 8 za ziada, ila likishuka mota inageuka jenereta na kurudisha sehemu nzuri ya umeme huo. Kyela iko kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, Mbeya ni kama 1,700, na katikati kuna Uporoto iliyo juu zaidi ya mji. Pamoja na milima yote hiyo utarudi nyumbani betri ikiwa bado na zaidi ya robo. Tunduma vilevile. Na kule kushuka kwa kutumia mota kunazipumzisha breki, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kunusa breki za lori Mlima Nyoka anajua maana yake. Ila betri iliyojaa kabisa haina pa kuweka umeme unaorudi, kwa hiyo anayeishi mjini kwetu na kushuka mara moja kuelekea Iwambi na Mbalizi hatakiwi kujaza zaidi ya asilimia 80 kwa kawaida.

Dar es Salaam ni jambo jingine kabisa. Mbeya hadi Dar ni kama kilomita 830. Ukitoka na betri iliyojaa, kilomita 500 zinakufikisha jirani na Mikumi. Zimebaki zaidi ya 300, yaani uniti zaidi ya 60. Kule kwa kijana kuna mashine zinazoipeleka EQS kutoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 31. Mpaka mtu akupeleke ukaione kwa macho yako mashine ya namna hiyo kwenye barabara yetu ya TANZAM, hesabu ya safari usiijenge juu yake, ijenge juu ya soketi ya ukutani. Na soketi ya pini tatu, ukiivuta kwa usalama usiku kucha, inatoa kama uniti 2.3 kwa saa. Uniti 62 ni saa 27. Yaani mlale nyumba ya wageni, muamke, mshinde, mlale tena kidogo. Huku mgonjwa ana miadi ya daktari. Na kurudi ndiko kugumu zaidi, maana mnatoka usawa wa bahari mnapanda Kitonga na kuendelea kupanda hadi kwetu.

Hata Iringa usiichukulie rahisi. Ni kama kilomita 330, unafika ukiwa na uniti 40 hivi. Ukichaji kwenye soketi kwa saa 10 unapata 23. Jumla 63, na kurudi kunataka 66. Unaona ilivyobana? Penye laini ya jiko la umeme yenye ampea 32 usiku mmoja unatosha kabisa, lakini lazima uwe umepiga simu na kujua kabla hujatoka.

Nyumbani kwako msichomeke kwenye soketi ya sebuleni. Plagi inayovuta ampea 10 kwa saa nyingi mfululizo hupata joto, na kama waya wa ndani ni mwembamba au soketi imelegea, utakuta plastiki imebadilika rangi na inanuka kuungua. Gari hili linahitaji laini yake kutoka kwenye mita, waya mnene, kikata-umeme chake na ethi inayofanya kazi. Kwa ampea 32 litajaa kutoka sifuri kwa saa kama 15, na kwa matumizi ya kila siku saa tatu au nne zinatosha. Kukatika kwa umeme kusikutishe sana. Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 limeongeza umeme nchini, lakini nguzo ikilala Isyesye wakati wa masika megawati hizo hazikufikii, sote tunalijua hilo. Hata hivyo betri kubwa namna hii ikiwa nusu inakutembeza mjini siku kadhaa. Kwa matumizi ya Mbeya mjini, umeme siyo tatizo lako.

Kioo kile kirefu na spika sitavisemea sana. Huduma nyingi za kwenye kioo zinategemea akaunti na mtandao wa nchi gari lilikouzwa, na baadhi ya vionjo kampuni hizi hufungua kwa malipo ya mwaka. Mtu asikuuzie kioo.

Sasa nirudi kwa mumeo, maana barua yako haikuwa ya gari tu. Wewe umeuliza gari lipi litamfikisha Dar bila maumivu. Mimi nakuuliza kwa nini mgonjwa aliyebanwa mshipa anasafiri kilomita 830 kwa gari lolote lile, la petroli au la umeme, la milioni kumi au la mamia. Uwanja wa Songwe ulifunguliwa mwaka 2012, na kutoka Isyesye ni mwendo mfupi. Angani hadi Dar ni saa moja na ushee, naye anaweza kusimama akanyoosha mguu. Pia muulizeni daktari wake, bila aibu, ni kliniki zipi lazima ziwe Dar na zipi zinaweza kufanyika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Ukiiondoa safari hiyo ya mchana kutwa barabarani, umeondoa maumivu makubwa kuliko ambayo kiti chochote kinaweza kuyaondoa. Na sababu kuu ya kununua EQS nayo imekwenda.

Zinabaki safari fupi. Hizo Crown inaweza kuzifanya vizuri kuliko inavyofanya sasa. Ipeleke kwa huyo huyo fundi wa Mafiati, mwambie aangalie shokapu, bushi, na raba za kushikilia injini. Raba hizo zikichoka injini inatetemesha gari zima, na watu huvumilia miaka wakidhani ndivyo gari lilivyo. Matairi yasijazwe upepo kupita kiasi. Kisha nendeni kwa fundi wa viti, mume akae pale pale, sponji ikatwe na kujazwa kufuata kiuno chake na paja lake, mto uinuliwe kidogo ili asizame. Ikiwa bado kuingia na kutoka kunamwumiza, hapo nitakuelewa ukitaka kubadilisha gari, lakini ningetazama lililoinuka, kama Harrier ya haibridi, yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Mtu anaingia kwa kusogeza makalio tu pembeni, hajishushi. Ukimya wa umeme ataupata kwenye foleni ya Kabwe, na petroli ataipata Makambako.

Kama baada ya yote haya kijana ataamua kulipa lote mwenyewe na Crown ikabaki, sitawazuia, mradi mambo yafuatayo yawe wazi kabla ya shilingi kutoka. Apate ripoti ya afya ya betri ya gari hilo hilo, siyo ya aina yake. Amuulize mwenye gari kama akaunti yake imefutwa kwenye mfumo. Awaulize watengenezaji kwa maandishi kama dhamana ya betri, ambayo kwa EQS ni miaka 10 au kilomita 250,000, itaendelea kuheshimiwa gari likiwa Tanzania, na ni karakana gani itakayoifanya kazi hiyo. Kodi ikokotolewe na wakala wa forodha kabla ya kununua. Achague lenye rimu ndogo kuliko zote zilizopo. Na asije akashawishika na la bei nafuu lililotoka China au Japani bila kuangalia tundu la kuchajia, kwa sababu nchi hizo zina matundu yake na mengine hayaingiani na vifaa vya Ulaya. Fundi wako aliyesema hataligusa alikuwa mwaminifu. Waya za rangi ya chungwa ndani ya gari hilo zina volti zinazoua, na asiyefunzwa asizifungue.

Kuhusu lile neno alilokuambia, mwanangu, usilijibu kwa hesabu. Mtu aliyekuwa anaendesha mwenyewe, leo anaendeshwa na mkewe huku mguu umekufa ganzi, ana mengi moyoni ambayo hayahusiani na Mercedes. Mwambie umeisikia raha aliyoipata kule na unataka aipate hapa. Kisha mweleze ya ndege na ya kiti kama mipango yako kwake, siyo kama sababu za kumkatalia.

Na yule kijana mwambieni fedha aliyokusudia asiirudishe mfukoni. Kwanza alipe tiketi za baba yake za Songwe kwa mwaka mzima, na ya mtu wa kumsindikiza. Itakayobaki ifanye shokapu na kiti. Tiketi mzitazame mapema, hasa kama kliniki imeangukia Desemba, maana sikukuu zikikaribia bei hupanda.